Kabla ya kuogopa betri, shika plagi

Chomeka chaja ya pikipiki ya umeme, subiri nusu saa, kisha shika plagi ya ukutani. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa inaunguza mkono, au plastiki yake imeanza kuwa ya kahawia, kagua soketi kwanza. Vibati vya ndani vikilegea, umeme unapita kwa shida na kuzaa joto. Joto nalo linavilegeza zaidi. Badilisha soketi leo, usiipige kofi ili ishike.

Chaja ya 84V 10A inavuta ukutani takriban wati 930, yaani ampea 4 hivi. Pasi inavuta zaidi, ila pasi hujizima na kujiwasha. Chaja inabana saa nne na zaidi bila kupumzika ili kujaza betri ya 72V 40Ah iliyokwisha, na LUKU inaondoka na uniti kama 3.2. Kwa hiyo ile ekstensheni nyembamba ya simu na redio haifai. Tafuta yenye waya wa 1.5 mm², ikunjue yote, na usichomeke birika pembeni yake. Fyuzi ya 5A ndani ya plagi inatosha kwa chaja hii. Ikikatika, tafuta sababu. Kuziba na karatasi ya pakiti ya sigara ni kuondoa ulinzi wenyewe.

Kosa baya kuliko yote ni kuazima chaja. Betri mbili zinaweza kuandikwa 72V zote, lakini ya NMC (lithiamu ya nikeli) yenye seli 20 hujaa kwa volti 84, na ya LFP (lithiamu ya chuma na fosfati) yenye seli 24 hujaa kwa 87.6. Ukiipa ile ya kwanza chaja ya pili, kinachobaki kuilinda ni BMS peke yake, yaani saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri. Soma namba ya volti za kutoka kwenye chaja, si umbo la kichwa chake.

Kama mwongozo wa chaja haujasema vingine: swichi ya soketi ikiwa imezimwa, unganisha betri, chomeka ukutani, ndipo uwashe. Kutoa, anza kwa kuzima. Hivyo cheche hazili pini. Ukitoka juani au mlimani na abiria wawili (mnajua mnafanya), acha betri ipoe kwanza. Baada ya mvua, kausha kiunganishi kabisa. Umeme ukikatika, chomoa. Umeme ukirudi, uache utulie dakika chache kabla ya kuchomeka tena.

Pa kuchajia ni sakafu ya saruji, penye hewa, mbali na godoro na petroli. Mlangoni hapana, hata kama soketi iko hapo: moto ukianza, njia ya kutokea imezibwa.

Betri iliyovimba, iliyoanguka vibaya au iliyozama kwenye mafuriko haichajiwi tena hadi fundi aifungue. Ikianza kufuka au kuzomea, zima kwenye swichi kuu kama unaifikia, toa watu, usivute ule moshi, piga 114. Mchanga na kizima moto cha unga hupunguza miali tu. Seli zinahitaji kupozwa kwa maji mengi, tena kwa muda mrefu, kwa sababu zinaweza kuwaka upya saa kadhaa baadaye.