Mangi akichukua fomu ya udiwani

Wenye maduka ya mtaani mnaoutaka udiwani, anzeni na daftari la madeni. Mteja aliyekopa nusu kilo ya sukari na mche wa sabuni, siku ukichukua fomu amekuwa mpiga kura, na kumdai kunakuwa kugumu. Mtaji unabaki kwenye karatasi, duka linakauka taratibu. Kwa hiyo miezi kadhaa kabla ya kampeni, piga mstari chini ya ukurasa wa mwisho, jumlisha kila jina, kusanya kidogo kidogo, na deni jipya usiandike.

Ukishinda, kaunta mwachie mtu unayemwamini, na mhesabu mzigo pamoja kila Jumapili jioni, kuanzia unga na sukari maana hivyo ndivyo hupungua bila kuonekana. Diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, baraza la halmashauri nalo hukaa kila robo mwaka, bado misiba na simu za usiku maji yakikatika. Michango ya msiba isitoke droo ya duka kamwe! Posho iwe na mfuko wake.

Duka lako likitaka kuiuzia halmashauri chochote, hata kalamu, tamka maslahi yako kikaoni na utoke wakati wa mjadala. Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya vikundi (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) ni haki ya vikundi vyenye sifa, hata kama wanachama wake hununua kwa mangi wa jirani.