Eti digrii za Marekani unarudia mtihani mpaka ufaulu

Shemeji alinichokoza Jumapili kwake Pasiansi, na kwa kuwa nilikuwa mgeni na sato wake nilikuwa namla, nilinyamaza. "Kumbe huko mtihani unarudiwa mpaka mtu afaulu! Hata mimi ningekuwa injinia." Meza nzima ikacheka, dada yangu akiwemo. Likizo yangu Mwanza inaisha, acha nijibu kabla sijapanda ndege.

Nasoma uzamili wa uhandisi wa ujenzi Ohio. Kibarua kinachonilipia ada ni kusahihisha kazi za mwaka wa pili, somo la statiki, yaani hesabu za nguvu kwenye vitu vilivyotulia. Profesa wetu hatoi maksi. Semista ikianza anatoa orodha ya mambo ya kuyajua: kuchora nguvu zote zinazogusa kitu, kutafuta momenti (nguvu inavyotaka kuzungusha kitu), kuchambua kenchi kiungo kwa kiungo, msuguano, kitovu cha uzito. Majibu yake ni mawili tu, umefikia au bado. Kiungo kinavutwa, wewe umeandika kinagandamizwa? Bado. Hata kama kurasa zote tatu za hesabu ni safi, hakuna 7 kwa 10 ya huruma. Unarudi wiki nyingine, unapewa swali jipya, siyo lile uliloshalikariri. Maprofesa wengine hutumia tokeni, mtindo ulioenezwa na Linda Nilson tangu 2015: unapewa chache, kila kurudia kazi kunakula moja, zikiisha basi.

Sasa nyumbani. Kazi za muhula (CA) 40, mtihani wa mwisho (UE) 60, na vyuo vingi ukiambulia 40 kwa mia una C, umepita. Zile 60 ulizokosa hakuna anayezifuatilia. Unaweza kumaliza miaka minne hujui kenchi kabisa, kwa sababu swali la kenchi ulilikwepa ukajibu mengine. Ukifeli ni sapu, mtihani wa marudio, na hiyo sapu hata uipige mia wanakuandikia C. Uliyejifunza ukaelewa na uliyebahatisha mko sawa kwenye karatasi. Halafu eti sisi ndio tunaopewa vya bure! Shemeji, Daraja la Kigongo–Busisi unalivuka kwenda Sengerema, kilomita 3 juu ya ziwa. Ungependa aliyekokotoa zile nyaya awe alipata 40? Afadhali Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina ule mpango wa miaka 3 ya mafunzo kazini, ndiko wengi wanakojifunzia walichokiruka chuoni.

Ila mtindo huu wa umefikia au bado unatumaliza sisi wasahihishaji. Kila anayeambiwa bado anarudi, na kila anayerudi anahitaji swali jipya na mtu wa kulisahihisha. Wanafunzi wangu huandika barua pepe usiku wa manane kama wanadai mshahara. Darasa letu ni dogo na wasaidizi tupo, ndiyo maana linakwenda. Lekchara wa nyumbani mwenye ukumbi uliojaa mpaka madirishani, anayesahihisha peke yake, nikimwambia afanye hivi atanifukuza, na atakuwa na haki. Aanze na mada moja tu. Kenchi, kwa mfano.

Mnaotaka kuja kusoma Marekani, hili ndilo lenye faida kwenu. Msigawe GPA (wastani wa gredi) ya kipimo cha 5 kwa kikokotoo cha simu mkapata ya kipimo cha 4. Kuna mashirika ya kutathmini vyeti, na vyuo vingi vinataka ripoti yao. Pia hakikisheni transkripti, hati ya matokeo yenu, ina ule ukurasa unaoeleza gredi, wenye muhuri. Kwetu 70 ni A, Marekani madarasa mengi 70 ni C, na ofisa wa udahili asiyeuona ukurasa ule hatakupigia simu kuuliza. Yangu ilitoka bila huo ukurasa. Mama akaufuata chuoni, akapanga foleni kutwa, kisha kuutuma kukala hela ya nusu gunia la mchele. Hiyo nusu gunia, shemeji, hukuchangia hata kilo.