Njoo Kesho

Mwaka 2025, Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, na majirani zangu Waislamu walikuwa wameshaanza funga yao siku chache nyuma. Darajani, hapa Unguja, kulikuwa kimya asubuhi ile, wauza chai hawapo, magenge yamefungwa. Nilipita kwa miguu hadi Mkunazini, nikawahi Misa, padri akanichora msalaba wa jivu kwenye paji la uso akanikumbusha kwamba mimi ni mavumbi na mavumbini nitarudi. Nikatoka na moyo mwepesi. Nikapanda daladala ya Kwerekwe, na saa tatu nikawa nafungua kibanda changu cha kushonea.

Mama mmoja alikuwa keshakaa kwenye benchi ananisubiri. Vitambaa vya magauni ya skukuu vya binti zake watatu aliniletea mwezi wa Rajabu, na siku ile alikuwa anakuja kwa mara ya nne. Tukaamkiana, nikamuuliza saumu inakwendaje, akashukuru Mungu. Kisha akanitazama usoni.

"Fundi, hilo jivu la nini?"

"Ni alama ya toba, bibie. Leo tunaanza Kwaresima, siku arubaini."

"Mungu akupokelee." Akanyamaza kidogo. "Na nguo za wanangu je?"

Nikamjibu bila hata kufikiri: "Njoo kesho kutwa, Mungu akipenda zitakuwa tayari."

Alipoondoka niliinama chini ya meza nikauvuta mfuko wake. Vitambaa vilikuwa kama alivyovileta, satini ya rangi ya zambarau na lesi yake, havijaguswa na mkasi. Karatasi ya vipimo ilikuwa imeshapotea. Nikanyanyua kichwa, na mbele yangu kulikuwa na kile kioo ninachowawekea wateja wajitazame wakijaribu nguo. Nikaliona jivu. Nilikaa kwenye kigoda sijui muda gani, charahani mbele yangu na mguu sijaukanyagisha.

Wanaoshonesha nguo wanalijua neno hili "njoo kesho". Watu wameshalizoea, wanasema mafundi ndivyo walivyo. Lakini mimi ndiye ninayelisema, na ninajua linavyofanya kazi kwa ndani. Mteja akileta kitambaa hutoa kianzio. Kianzio chake ndicho kinachonunua uzi, zipu na lastiki za nguo ya mteja aliyemtangulia, kwa sababu fedha ya yule wa mwanzo ilishakwenda kwenye kodi ya kibanda au ada ya skuli. Kwa hiyo siwezi kumkataa mteja mpya hata nikiwa nimeelemewa. Nikimkataa, wa jana hapati uzi. Na nikimpokea lazima nimpe siku, na siku ya kweli ingemkimbiza, basi nampa siku ya kumridhisha. Uongo wa kwanza nausema mteja akiwa bado hajavua viatu, na hizo "njoo kesho" za baadaye ni watoto wake.

Kilichoniuma zaidi ni lile "Mungu akipenda". Bibi yangu, aliyenilea Mbweni na kunifundisha kupiga pindo kwa mkono kabla sijaruhusiwa kugusa charahani, alikuwa hakubali ulitamke kwa kitu ambacho wewe mwenyewe hukukusudia kukifanya. Alikuwa akisema usimtwishe Mungu mzigo wako. Nimesoma Yakobo anavyotufundisha kusema Bwana akipenda, na ni neno la unyenyekevu. Mimi nimelitumia kama pazia. Nguo isipokuwa tayari, ni Mungu hakupenda. Na Mungu alikuwa tayari tangu Rajabu, mkasi ulikuwa mkononi mwangu.

Sikuwa nimeamua bado nifunge nini Kwaresima ile. Siku zote nafunga nyama. Siku ile niliandika nyuma ya daftari la vipimo mstari wa Mathayo, "Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo", nikasema nitafunga siku ya uongo. Sitampa mtu tarehe nisiyoiamini.

Kuandika kulikuwa rahisi.

Jumuiya yetu ya kanisa, tunaosali pamoja majumbani kwa zamu, ina nyumba saba. Ndugu zangu walioko Dar es Salaam wananieleza kanisa lao linavyojaa hadi watu wanasimama nje, na jumuiya zao zina nyumba arubaini. Huko ukikosana na mtu unaweza kukaa upande wa pili wa kanisa miezi sita msionane. Hapa Unguja Wakristo tu wachache, tunajuana kwa sauti. Ukikosa kufika sala ya Alhamisi, watu wawili watapita kwako kabla ya kulala. Nilikuwa naliona jambo hilo kama mzigo, sasa naliona tofauti.

Alhamisi ile zamu ilikuwa ya bibi mmoja mjane, mzee wetu wa jumuiya. Tulipofika kwenye kuombeana, nikawaeleza. Nilitarajia watanifariji na kuniombea, tuimbe, nirudi nyumbani nimepoa. Bibi hakufumba macho. Aliniuliza:

"Mwanangu, una nguo ngapi za watu mle ndani?"

Sikuwa na jibu.

"Basi nenda kahesabu. Ukishahesabu uje, ndipo tutasali."

Nakiri nilikasirika. Nilitembea kurudi nyumbani najiambia huyu mzee hana huruma. Lakini asubuhi nilifunga mlango wa kibanda, nikamwaga kila kitu sakafuni, nikahesabu. Nguo 63 za watu 19, zote za Idi, bila kuhesabu magauni 14 ya kwaya yetu ya Pasaka ambayo kianzio chake nilikipokea tangu Januari. Nikijitahidi, umeme usipokatika, nashona nguo tatu kwa siku zikawa nguo za heshima. Nilihesabu siku zilizobaki hadi mwisho wa mwezi, nikatoa Jumapili. Hesabu haikutimia hata nilipoacha kulala. Na bado ndani ya wiki ile ile nilikuwa ningepokea nyingine.

Nilirudi kwa bibi na ile hesabu. Safari hii alisali, tena kwa muda mrefu, akinishika mkono wa kulia, mkono wa mkasi. Kisha akafungua kasha la mfuko wa jumuiya. Vianzio vya watu wanne nilivyotakiwa kuvirudisha vilifika shilingi 80,000, na mimi sikuwa nazo. Jumuiya ikanikopesha. Mfuko ule ni wa maziko na wagonjwa, umejaa shilingi elfu moja moja za watu ambao nawajua wanachokula. Nilizichukua fedha zile kwa mikono miwili na sikuweza kusema kitu.

Watu wanne nikawapigia simu mmoja mmoja, nikawaambia ukweli kwamba sitaweza, waje wachukue vitambaa na fedha yao mapema wawahi fundi mwingine. Wawili walishukuru. Mmoja alikaa kimya hadi nikadhani simu imekatika. Wa nne alikuja kibandani akanisema mbele za watu, kwamba nimempotezea mwezi mzima, kwamba laiti ningemwambia mwanzo. Kila alichokisema kilikuwa kweli. Nilisimama nikamsikiliza hadi akamaliza.

Yule mama wa satini ya zambarau alikuja siku niliyomwambia. Nilimwonesha mfuko. Nikamwambia vitambaa havijakatwa na kwamba juzi nilimdanganya, na nikamwomba aniletee watoto niwapime upya. Alinitazama kwa muda. Akauliza, "Siku gani?" Nikafungua daftari mbele yake, nikahesabu kwa kidole, nikamwambia tarehe 25, saa kumi. Aliandika kwenye simu yake. Hakusema amenisamehe wala hakunisema. Tarehe 25 saa kumi magauni mawili yalikuwa yametundikwa, la tatu bado pindo. Alikaa kwenye benchi nikalipiga kwa mkono huku adhana ya alasiri inaadhiniwa, binti yake mdogo ameegemea goti langu anatazama sindano inavyoingia na kutoka.

Nikaja kwenye kwaya, na hapa ndipo palipokuwa pagumu.

Nguo za kwaya nilikuwa nimezisukuma nyuma miezi miwili, na sababu naijua. Wateja wa Idi wangenipigia kelele, ndugu zangu wa kanisani wasingenipigia. Nilikuwa najua kwamba mwalimu wa kwaya akija nitamwambia bado, na yeye atasema haya dada, Bwana yu mwema, ataondoka. Nimelifikiria sana hili. Msamaha tunaohubiriana kila Jumapili mimi nilishaufanya mtaji. Ndugu ndiye niliyemdanganya kwa wepesi kuliko wote, kwa kuwa nilijua atanivumilia. Hata mgeni anayepita barabarani nilimwogopa kuliko yeye.

Jumapili iliyofuata nilikaa nyuma, karibu na zile nguzo. Wanaolijua Kanisa Kuu la Mkunazini wanazijua. Inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini siku Askofu Edward Steere, aliyelijenga kanisa hilo, hayupo, na aliporudi akaziacha hivyo, na hivyo zipo hadi leo. Waongozaji huwaonesha watalii na watalii hupiga picha. Mimi siku ile niliziangalia kama fundi. Nilijiuliza wale mafundi walimwambiaje askofu alipoingia mlangoni. Na yeye, aliyekuja kuzikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa lile lile, alizipita mara ngapi akienda kusalisha.

Mbele kabisa, karibu na madhabahu, kuna lile duara la marumaru nyeupe sakafuni, mahali ambapo tunaambiwa palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Soko la watumwa lililokuwa pale lilifungwa Juni 1873 baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka ule ule. Tunalisimulia hivyo, kwa furaha, na tuna haki ya kufurahi. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa hadi 1897. Nilikaa pale nikihesabu kama nilivyohesabu zile nguo. Miaka 24. Kuna mtu aliyeamka mjini humu kila asubuhi kwa miaka 24, soko limeshafungwa, kengele ya kanisa anaisikia, na yeye bado ni mali ya mtu. Silinganishi gauni na utumwa wa mtu, Mungu aniepushe. Ila nilielewa kwamba kuwekwa kwenye kesho ya mtu mwingine kunaumiza, na anayeumia hana pa kusemea.

Padri alipotualika tupeane amani, mwalimu wa kwaya alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Akaninyooshea mkono. Nikamwambia, nimeushika mkono wake, "Mwalimu, magauni hayajaanzwa hata moja. Naomba tuonane baada ya Misa."

Hakusema Bwana yu mwema. Uso ulimbadilika. Baada ya Misa tulisimama uani, akaniambia kwamba mabinti wa kwaya walichanga fedha ile kwa miezi mitano, mmoja wao aliuza maandazi. Akasema, "Dada, ungetuambia Februari tungekusaidia kukata." Sikujua kwamba mtu angeweza kunisaidia. Sikuwa nimempa yeyote nafasi hiyo, kwa sababu kila aliyeuliza nilimwambia kila kitu ni sawa.

Baada ya Idi walikuja kweli, wanne, jioni tatu mfululizo. Wawili hawakujua kushona kabisa. Wakawa wanachora kwa chaki na kukata nyuzi zilizozidi. Kibanda kilikuwa kidogo, tukatoa meza nje, watoto wa mtaa wakajaa kutazama. Walifanya mazoezi ya nyimbo za Pasaka hapo hapo huku wanakunja mikono ya nguo, na jirani yangu wa duka la vyombo alipunguza redio yake ili tusikilizane. Nimeshona miaka kumi na saba, na sijawahi kuzipenda jioni za kazi kama zile.

Niliwaahidi magauni sita yawe tayari Jumapili ya Matawi, yaliyobaki kabla ya Pasaka. Jumamosi ya kuamkia Matawi umeme ulikatika saa nane mchana, haukurudi hadi usiku. Saa kumi nilikuwa na matano. Nilikaa na simu mkononi. Zamani ningeizima.

Nilimpigia mwalimu. "Ni matano. La sita nitalitoa Jumanne, saa kumi jioni." Akasema sawa, akakata. Siku ya Matawi watano waliandamana na sare, na binti wa sita alivaa gauni lake jeupe alilolivaa kwenye ubatizo wa mdogo wake, akashika tawi la mnazi mbele pamoja nao.

Siku ya Jumanne binti yule wa sita alikuja saa kumi kasoro. Alilivaa juu ya nguo alizokuwa nazo, akajizungusha mbele ya kioo, akanyanyua mkono, akaushusha, akanyanyua tena.

"Shangazi, bega hili la kushoto linanibana."

Nikamwambia avue. Nikachukua wembe, nikaanza kufumua.