Hati ya kukataa matibabu ya kurefusha uhai haitaki maneno ya jumla

Hati nyingi za aina hii, ambazo mtu huandika mapema kwa ajili ya siku asipoweza kujieleza, huangushwa na sentensi moja: "Sitaki maisha yangu yarefushwe bure." Ukiisoma sebuleni inaeleweka vizuri. Daktari wa zamu usiku wa manane haimwambii kitu. Je, siku mbili za mashine ya kupumulia wakati nimonia inatibiwa ni kurefusha maisha bure? Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba mtu kuandika tu kuwa hataki hatua za kurefusha uhai hakutoshi kuwabana madaktari. Ataje tiba anazozikataa, au ugonjwa na hali anazozikusudia. Naona walisema kweli.

Kwa hiyo andika hali, kisha tiba. Hali ni kama ugonjwa usiopona ulio hatua za mwisho, kupoteza fahamu ambako madaktari wawili wamethibitisha hakuna kurejea, au ugonjwa wa kusahau uliofika mahali huwatambui watu wako na huwezi kumeza. Chini ya kila hali taja tiba moja moja: kukandamizwa kifua na kushtuliwa moyo, mashine ya kupumulia, kusafishwa damu, kulishwa kwa mrija, antibiotiki, kuongezewa damu. Huenda ukakataa mashine lakini ukakubali antibiotiki, kwa kuwa inakupunguzia homa na maumivu.

Mrija wa chakula ndio unaogombanisha ndugu kuliko vyote, maana kumnyima mgonjwa chakula kunasikika kama ukatili. Sheria za nchi nyingi huuhesabu kuwa tiba, nayo tiba inakatalika. Kulishwa kwa mkono, kuoshwa na kulowanishwa midomo ni jambo jingine. Uingereza na Wales, kwa mfano, huwezi kuukataa kwa hati ya mapema uangalizi wa msingi wa aina hiyo. Andika wazi pia kwamba dawa za maumivu na tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso, unazitaka hadi mwisho. Mstari huo huwatuliza wengi.

Unaweza kukubali mashine kwa muda wa majaribio: siku tano, na isipoonekana nafuu, iondolewe. Familia huona kuondoa mashine ni kuua na kutoianza ni kuacha tu, ilhali sheria ya Uingereza na ya Marekani haitofautishi hayo mawili. Ukiliandika, unawaondolea mzigo huo. Mwenye kifaa cha kushtua moyo kilichopandikizwa kifuani aagize kizimwe mwisho ukikaribia, la sivyo huenda kikaendelea kumpiga shoti akiwa anakata roho. Na kama umejiandikisha kutoa viungo, ruhusu mashine ibaki kwa muda mfupi unaohitajika, ama sivyo hati zako mbili zitapingana.

Masharti ya saini hayafanani kila nchi. Uingereza na Wales, chini ya sheria ya mwaka 2005, kukataa tiba inayookoa uhai lazima kuwe kwa maandishi, kuwe na saini yako na ya shahidi, na kuwe na tamko kwamba uamuzi unasimama hata kama uhai uko hatarini. Tamko hilo likikosekana, hati haifanyi kazi kwa tiba hizo. Kwingineko hutakiwa mashahidi wawili au mthibitishaji wa hati. Popote ulipo, usimchukue mrithi wako wala daktari anayekutibu kuwa shahidi.

Mteue pia mwakilishi wa kukuamulia usipoweza kusema, na wa akiba. Anayekupenda kuliko wote huenda asifae, anafaa anayeweza kusimama mbele ya shangazi anayelia akasema, "Hivi ndivyo alivyotaka." Angalia tarehe: Uingereza na Wales, ukimpa mwakilishi mamlaka juu ya tiba ileile baada ya kuandika hati, mamlaka yake huitangua hati.

Wahudumu wa ambulansi kwa kawaida hawasomi hati ya kurasa nne, wanafuata agizo la daktari. Kwa hiyo mgonjwa aliye nyumbani amwombe daktari wake, mbali na hati, fomu ya kutofufuliwa moyo ukisimama, iliyotiwa saini, naye aiweke inapoonekana. Hati isifungiwe kabatini. Nakala moja iende kwenye faili la hospitali, nyingine kwa mwakilishi. Ipitie upya ugonjwa mpya ukigundulika au ndoa ikivunjika, uweke saini na tarehe mpya, kisha ukusanye nakala za zamani uzichane. Na maadamu una akili timamu na unaweza kujieleza, kwa ulimi au hata kwa ishara, daktari anakuuliza wewe, hati inasubiri.