Niliorodhesha mabinti wa watu, wangu nikambakiza nyumbani

Aprili 2024 mkuu wa shule alitupa kazi walimu wa madarasa wa Kidato cha Kwanza: kila mmoja aorodheshe wasichana wake ambao hawajatimiza miaka 15. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ilikuwa inakuja shuleni. Nilifungua rejista nikaandika majina 31 kwa mwandiko wangu mzuri. Wiki hiyohiyo shule ya msingi anayosoma mwanangu, wakati ule akiwa na miaka 11, ikatuma ujumbe kama huo kwa wazazi. Siku ya chanjo ilipofika nikamwambia abaki nyumbani, nikampigia mwalimu wake kwamba mtoto ana mafua. Hakuwa na mafua.

Niliolewa mwaka 2004 na mwanangu alizaliwa Februari 2013. Katikati hapo kuna miaka ambayo sitaieleza yote. Nilikunywa dawa za kila aina, nilikaa kwenye mabenchi ya kliniki hapa Tanga hadi Moshi, nikaombewa na kila aliyejitolea kuniombea. Mtaani wenzangu wakiitwa Mama Fulani, mimi nikaitwa Mwalimu. Ni jina la heshima, lakini nilijua kwa nini sina jingine. Kwa hiyo sauti ya mwanamke mmoja ilipoingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, akisema polepole, kwa utulivu, kuwa sindano hii inafunga vizazi vya watoto wetu, sikuuliza ametoa wapi. Mwili wangu uliamini kabla akili haijasikiliza hadi mwisho.

Ukafuata ujumbe wa pili: Japani wameisimamisha chanjo hii, sisi ndio tunaletewa. Huo niliutafuta mwenyewe kwenye simu, nikakuta ni kweli. Juni 2013, wizara ya afya ya Japani iliacha kuihimiza baada ya wasichana kulalamika maumivu na matatizo ya kutembea. Niliposoma hapo nikafunga simu. Nilijiona nimefanya uchunguzi. Kumbe nilikuwa nimesoma hadi palipokubaliana na hofu yangu, nikaishia hapo.

Aliyenitoa ni mwenzangu anayefundisha baiolojia. Nilimweleza siku tunasahihisha madaftari, nikitarajia anicheke au anihubirie. Aliniuliza tu: "Unaogopa nini hasa? Usiniambie chanjo. Taja kitu chenyewe." Nilishindwa kujibu papo hapo. Usiku nikakaa mezani na andalio la somo la zamani, nikaandika nyuma yake. Naogopa asije akakosa mtoto kama nilivyokosa mimi. Naogopa yaliyowapata wale wa Japani. Na mwaka 2018 chanjo ilipoanza nchi nzima ilikuwa dozi mbili kwa wasichana wa miaka 14, sasa ni dozi moja kuanzia miaka 9. Nani amepunguza, na amejuaje kuwa inatosha?

Ilinichukua wiki tatu. Rafiki yangu alinisaidia kusoma yale yaliyoandikwa kitaalamu, mstari kwa mstari.

Japani kwanza. Chanjo haikupigwa marufuku, serikali iliacha kuihimiza. Jiji la Nagoya likawauliza wasichana wenyewe. Karibu 30,000 wakajibu kuhusu dalili 24, waliochanjwa na wasiochanjwa. Waliochanjwa hawakuonekana kuugua zaidi kuliko wenzao. Aprili 2022 Japani ikaanza tena kuihimiza. Ujumbe uliotufikia sisi mwaka 2024 ulikuwa umekata habari katikati. Lakini wale wasichana waliumwa kweli, na sipendi kusikia mtu akiwaita waongo. Msichana wa miaka 13 anaweza kuumwa kwa sababu nyingi; kilichotakiwa ni kupima kama sababu ni sindano, na kilipimwa.

Kuhusu dozi moja nilikuwa na hasira zaidi kuliko hofu, nikidhani sisi ndio tunaojaribiwa kwa kupunguziwa. Kumbe sehemu ya jibu imetoka hapahapa. Kuna utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, ukilinganisha kinga ya dozi moja, mbili na tatu. Kenya nao walifuatilia wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, na baada ya miezi 18 dozi moja ilikuwa imezuia zaidi ya asilimia 97 ya maambukizi ya aina mbili hatari zaidi za kirusi hiki, ya 16 na ya 18, ambazo ndizo husababisha karibu asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Tena Uingereza ilihamia dozi moja Septemba 2023, miezi saba kabla yetu. Hilo lilinituliza kuliko maelezo yote ya maabara.

Likabaki la kizazi, na hilo sikutaka kulisoma kwenye simu. Nilikwenda kituo cha afya, nikamsubiri muuguzi wa chanjo amalize watoto wachanga. Ni mama mtu mzima, sauti yake ya chini. Nilimwambia yote, hata ile miaka tisa. Akachukua daftari langu akachora mfuko wa uzazi, mlango wake, na mahali kirusi kinapojificha kwa miaka bila mtu kuhisi chochote. Akanieleza kwamba ndani ya sindano hamna kirusi chenyewe, mna ganda lake tu, tupu, la kuufundisha mwili umtambue adui. Kisha akasema: "Mwalimu, ukiuliza habari ya kizazi, uliza yote. Wenye ugonjwa huu tukiwawahi, wengi hutolewa kizazi ndipo wapone. Tukichelewa wanakwenda Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, kupigwa mionzi, na mionzi haibakizi uwezo wa kuzaa."

Nilikaa kimya muda. Kile nilichokuwa nakilinda kwa kumbakiza mtoto nyumbani, nilikuwa nimekiacha wazi.

Hakunificha maudhi: mkono kuuma, homa ndogo, kichwa, na wasichana wengine huzimia, ndiyo maana hukalishwa dakika 15 baada ya kuchomwa. Akauliza kama mtoto amewahi kudhurika vibaya na dawa au chanjo yoyote. Akasema pia chanjo haizuii aina zote za kirusi, kwa hiyo mtoto akishakuwa mtu mzima bado atahitaji kupimwa. Halafu akaniangalia: "Na wewe, umeshapimwa mlango wa kizazi, kile kipimo cha kupaka siki?" Sikuwahi, na nilikuwa na miaka 43.

Baba yake alitaka kuniachia. "Wewe ndiye uliyehangaika, ukisema achomwe, achomwe." Nilikataa. Uamuzi wa namna hii ukibebwa na mama peke yake, siku mtoto akipata hata mafua lawama ni zake. Nilimpa ile karatasi yangu asome, akasoma hadi mwisho, akaja na maswali mawili ambayo mimi sikuyafikiria. Alhamisi tukaenda wote watatu.

Tukiwa tumekaa zile dakika 15, pamba ikiwa bado mkononi, mwanangu aliniuliza kama wanafunzi wangu walilia. Nikamwambia wawili. Nikamwambia na lile la mafua. Akafikiri, akaniuliza: "Sasa mama, mbona wao uliwaandika?"

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Karatasi ya darasa niliijaza bila kuuliza swali hata moja kwa ajili ya wale 31, na wao pia wametafutwa na mama zao.

Wiki iliyofuata niliingia darasani na lile daftari lenye mchoro, nikawaacha wasichana waulize wanachotaka, kipindi kizima kikaisha hapo. Watatu hawakuwa wamechanjwa kwa sababu wazazi wao walikataa. Niliwapigia wazazi, si kuwashawishi, nikawauliza wanaogopa nini. Mama wawili walitaka muda, nikawapa namna ya kumpata yule muuguzi. Wa tatu alikuwa baba. Alinisikiliza kwa subira nilipojieleza, kisha akauliza: "Na wako, mwalimu, umemchoma?"

Nikamwambia Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, mkono wa kushoto, na kwamba wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimemficha.