Nilivyowafikisha wanangu kwenye kuandika ngano, mdomo kwanza penseli baadaye

Mwaka jana mwezi wa sita binti yangu alirudi shule kimya, hajasalimia wala nini, begi kalitupa kwenye kochi. Yuko la tatu. Nikafungua daftari lake la Kiswahili nikakuta waliambiwa waandike hadithi yoyote wanayoijua, na yeye kaandika ya sungura na fisi, mistari kama kumi hivi, yote imejaa wino mwekundu. Kaandika "fisi akarara chini ya mti akaota nyama", kila r iliyokaa mahali pa l imezungushiwa duara, na chini kabisa pameandikwa RUDIA. Kuhusu huyo fisi anayeota nyama hakuna aliyesema kitu, na mimi nilivyoisoma ile sentensi nilifurahi sana kwa sababu sijawahi kumsimulia fisi wa namna hiyo, kamtunga mwenyewe. Mwalimu simlaumu, madaftari ya kusahihisha ni mengi na kazi aliyopewa ni KKK, watoto wajue kusoma, kuandika na kuhesabu. Ila toka siku ile mtoto akawa haandiki kitu chochote ambacho si cha kunakili ubaoni. Ukimuuliza anakwambia mama mie sijui kuandika.

Nikaanza kumsaidia kwa njia ambayo haikuwa yenyewe. Nikanunua kaunta buku na penseli za rangi, Jumamosi asubuhi nikamkalisha mezani, nikamwambia andika hadithi yoyote mama hasahihishi. Baada ya nusu saa kwenye karatasi kulikuwa na "Hapo zamani za kale palikuwa na" na maua mawili pembeni, mtoto machozi yanamlenga. Nikafunga daftari.

Kilichotufungulia njia ni umeme kukatika. Usiku, joto la Dar mnalijua, tukatoa mkeka nje, mdogo wake wa kiume ambaye ana miaka sita analilia simu na simu haina chaji. Nikasema kwa sauti, PAUKWA! Wakaniangalia tu. Mdogo akauliza, mama unasemaje? Jamani iliniuma. Mimi nimekulia Pangani, kwetu mtoto kabla hajaanza shule hiyo ameshaitikia usiku mwingi mno, na hawa wangu katuni zote wanazijua kwa majina lakini pakawa hawaijui. Basi nikawafundisha pale pale, paukwa, pakawa, kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwanasiti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupita. Hawakuuliza hata maana, walitaka kushindana nani anaisema haraka bila kujikwaa.

Alafu nikawapa ya kima na papa kama alivyokuwa anatusimulia mama. Kima anaishi juu ya mkuyu, papa yuko majini chini yake, kila siku kima anamtupia makuyu mpaka wakawa marafiki. Siku moja papa anamwambia twende kwetu na mimi nikukirimu, kima kapanda mgongoni, wamefika katikati ya bahari ndo papa anamtolea habari yenyewe, sultani wetu mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema sa mbona hukuniambia mapema ningeubeba, sisi tukitoka safari mioyo tunaiacha mtini. Papa akageuza.

Mdogo akanikatiza. "Mama, moyo akiuacha nyumbani anauweka kwenye friji?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu kwamba moyo hautoki kifuani. Sijui kwa nini nilijizuia ila nashukuru nilijizuia, maana hapo ndo watu wazima huwa tunaharibu, mtoto anauliza swali la ngano sisi tunampa jibu la sayansi na yeye anafunga. Nikamuuliza, wewe unaonaje? Akafikiri. Akasema hapana, kwenye friji umeme ukikatika moyo utaoza, ataning'iniza kwenye tawi lenye upepo na amwachie kunguru alinde, lakini kunguru ni mwizi, kwa hiyo ataweka kunguru wawili walindane. Dada yake akadakia, na wakishirikiana kuiba je? Wakaenda hivo mpaka umeme ukarudi na hakuna aliyenyanyuka kwenda kuwasha TV.

Kesho yake nikachukua lile lile kaunta buku nikawaambia leo mimi karani, nyie mnasema mie naandika, nikikosea mlichosema mnanifokea. Na kweli nilifokewa. Niliandika "kunguru wawili walinzi" mdogo akaniambia sijasema walinzi, nimesema walindane. Nikafuta nikaandika walindane, akaniomba nimuonyeshe neno lilipo, akaliwekea kidole, akaenda kumuita dada yake aje alione. Kwa mtoto wa miaka sita nilihesabu hiyo ndo kuandika kwenyewe, kujua kwamba neno lililotoka mdomoni kwake lina mahali pake kwenye karatasi na halibadiliki ukigeuka. Chini akachora mti na ndege wawili wakubwa kuliko mti, akaandika KUGURU. Nikaiacha hivo hivo.

Mkubwa naye alikuwa ananisemea tu, penseli haigusi. Siku ya nne alikuwa anasimulia kwa kasi, mimi mkono umechoka, akaninyang'anya, "mama unachelewa, lete." Akaandika ukurasa mzima na nusu. Sikusema kitu, nikaenda jikoni nikakaa huko muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji.

Nilivyoona wamekolea nikaitafuta ile hadithi kwenye intaneti, nikaikuta imechapwa London mwaka 1870, kaikusanya mmisionari Mwingereza Edward Steere kwa kuwasikiliza Waswahili wa Zanzibar, upande mmoja Kiswahili upande wa pili Kiingereza. Binti yangu aliyekuwa anaamini hadithi za kwenye kitabu lazima ziwe za princes wa Ulaya alishangaa kuona kima wa bibi yake yumo. Nikawaambia pia na India ipo, kwenye Panchatantra, huko papa ni mamba na anayeutaka moyo ni mke wa mamba. Hiyo iliwasaidia kuliko maelezo yoyote ya utunzi, kwa sababu waliona wenyewe kwamba ngano moja watu wameibadilisha kufuatana na mahali walipo na haikuvunjika. Basi na sisi tunaruhusiwa kubadilisha, ndo alivyosema mkubwa.

Na alibadilisha. Aliniuliza papa alivyorudi bila moyo, sultani alimfanya nini? Nikamwambia muulize papa. Akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na ubao wa kukatia mboga mapajani kama meza, akatoka na barua ya papa kwenda kwa kima. Ninayo, naiandika hapa kama ilivyo:

"Kima rafiki yangu habari za mtini. Mimi siko vizuri toka siku ire. Surtani aripona kwa dawa ya hospitari kwa hiyo moyo wako hauhitajiki tena. Naomba unitupie makuyu hata matatu. Usiponijibu nitaerewa."

Hiyo "usiponijibu nitaerewa" ilinikaa kooni. Mtoto wa miaka minane kasikia aibu ya mtu aliyemsaliti rafiki yake, na angekuwa anahangaika na r na l asingefika hapo.

Sasa watu mtauliza, hizo r na l ndo unaziacha milele? Hapana. Kwetu andiko linalala kwanza siku tatu nne bila kuguswa. Alafu yeye mwenyewe anamsomea mdogo wake kwa sauti, na mimi nachagua neno moja tu, moja, si yote. Kwa ile barua tulichagua alipona. Tunalisema polepole, ulimi unatetemeka au unagusa tu juu ya meno na kutulia? Anasema, anasikiliza, anabadilisha kwa penseli yake mwenyewe, kalamu nyekundu haingii nyumbani kwangu kwa shughuli hii. Kufika Desemba r na l zilikuwa zimepungua sana, hazijaisha, lakini anaandika kurasa tatu bila kuambiwa.

Kuna jambo moja nataka nilisimulie vizuri. Ngano zetu nyingi zina mama wa kambo, na ni mbaya siku zote. Jioni moja nilianza ile ya binti anayetumwa na mama wa kambo usiku kuchota maji kisima cha zimwi. Kulikuwa na mtoto wa jirani amekuja kusikiliza, ana kama miaka kumi. Akauliza taratibu, "Shangazi, kwani mama wa kambo wote wako hivo?" Yule mtoto analelewa na mama wa kambo, na ni mama mzuri tu, anashona nguo hapo barazani kwake na nguo ya kwanza ya sikukuu huwa ni ya huyu binti. Nilihisi baridi. Ningeendelea ningekuwa namtia mtoto hofu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nikasema mimi nimeishia hapo kisimani, nani anataka kumalizia? Akamalizia yeye. Kasema yule mama alikaa kitandani usingizi ukakataa, akatoka na tochi ya simu kwenda kisimani akakuta zimwi limemshika mtoto mkono, akalichoma kidole na sindano ya kushonea, likaachia. Niliyaandika yote. Aliondoka na ile karatasi, sijui kama alimuonyesha mama yake, sikuuliza. Toka siku hiyo kabla sijaanza hadithi naangalia kwanza nani kakaa kwenye mkeka.

Zimwi lilitupa shida nyingine ndogo, mdogo alikataa kulala wiki nzima. Tukalichora, nikamuuliza hili linaogopa nini, akasema sabuni ya kufulia. Basi kipande cha sabuni kikakaa chini ya mto, yakaisha.

Na wakitaka princes wa kwenye theluji pia nawaacha, sina ugomvi na za Ulaya, zile za ndugu Grimm wa Ujerumani zilizoanza kutoka mwaka 1812 ni tamu na nyingi zina mambo yale yale ya msitu na mtoto aliyepotea. Huwa nauliza tu maswali, huyu princes anakula nini asubuhi, maji anachota wapi, akiumwa anampigia nani. Ndani ya dakika mbili princes anakunywa uji wa ulezi.

Vitabu tunatengeneza kwa kalenda za zamani, upande wa nyuma ni mweupe na karatasi ngumu, unakunja katikati unashona kwa uzi na sindano kubwa, stepla inaachia haraka. Viko kwenye boksi la biskuti, mpaka sasa ni kumi na kimoja.

Cha kima na papa tulitengeneza cha pili kwa ajili ya bibi yao Pangani, nikakituma kwa basi. Macho yake siku hizi hayaoni maandishi, akasomewa na kijana wa jirani. Jioni ikaja voisi ya WhatsApp. "Mke mwenzangu," hiyo ni kwa binti yangu, "barua ya papa nimeisikia, nimelia. Lakini wewe mume wangu, mkuyu wangu umeukata umepanda mwembe? Kima wangu mie tangu lini anakula maembe?"

Mdogo kashika simu kwa mikono miwili. "Bibi shikamoo. Mkuyu siujui. Mwembe upo kwa jirani ndo maana nikauweka."

"Marahaba mume wangu. Basi likizo mje, upo mmoja njia ya kwenda mtoni, nitakupeleka ukauone."

Amechukua kitabu chetu cha kwanza kwenye boksi, akafungua ule ukurasa wenye mwembe, na pembeni yake kaandika kwa penseli, herufi kubwa: BADO.