Nilivyopata sauti ya 5.1 kutoka kwenye kompyuta kupitia risiva ya hom thieta

Spika zote tano zinaweza kulia na bado usiwe na sauti ya 5.1, yaani chaneli tano tofauti na moja ya besi. Risiva, kile kifaa kinachopokea sauti na kuigawia spika, ikipokea chaneli mbili tu, mara nyingi huzitandaza kwenye spika zote kwa Dolby Surround, Pro Logic II au mfumo wa kurudia sauti ileile kila upande. Chumba kinajaa, lakini gari linalotakiwa kupita nyuma ya kiti chako linapita mbele, na mvua inanyesha kila mahali kwa kiasi kilekile. Kwa sababu hiyo, katika kazi yote hii niliamini maandishi ya risiva kuliko masikio. Kwenye rimoti tafuta kitufe cha taarifa za sauti inayoingia. Ukiona 3/2/0.1, zinaingia chaneli tatu za mbele, mbili za kuzunguka na moja ya besi. Ukiona 2/0/0, au PCM 2.0 (sauti isiyobanwa ya chaneli mbili), tatizo liko kwenye kompyuta au kwenye njia ya kufikia risiva, na kubonyezabonyeza mitindo ya sauti hakutalitatua.

Vifaa vyangu ni kompyuta ya mezani yenye Windows 11 na kadi ya grafiki yenye HDMI moja na DisplayPort tatu, risiva ya 5.1 ya zamani kidogo yenye HDMI 1.4, televisheni ya 4K, spika tano na sabufa yenye amplifaya yake ndani.

Jambo la kwanza nililoamua ni kutotumia kebo ya optiko, ile ya mlango mdogo wa mraba unaotoa mwanga mwekundu. PCM inayopita humo ni ya chaneli mbili basi. Piga hesabu: chaneli 2 kwa sampuli 48,000 kwa biti 16 ni kilobiti 1,536 kwa sekunde, ilhali chaneli sita zisizobanwa za biti 24 zinataka kilobiti 6,912. Ili 5.1 ipite humo lazima iwe imeshabanwa: ama Dolby Digital, ambayo kikomo chake ni kilobiti 640, ama DTS ya kilobiti 1,509, ambayo inajaza nafasi karibu yote. Filamu ya DVD hutoka kiwandani ikiwa imebanwa hivyo, kwa hiyo inapita vizuri. Mchezo wa kompyuta haujabanwa, unatengeneza chaneli zake papo hapo. Ndiyo maana watu hupata 5.1 kwenye filamu na chaneli mbili kwenye michezo kwa kebo ileile, wakadhani risiva imekufa. HDMI haina shida hiyo. Tangu toleo lake la kwanza la mwaka 2002 inabeba chaneli nane za PCM isiyobanwa, na toleo la 1.3 la mwaka 2006 likaongeza Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio.

Njia ya kuchomeka kompyuta kwenye televisheni kisha kurudisha sauti kwenye risiva kwa ARC niliikataa pia. ARC, iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, ina mipaka inayofanana na ya optiko. Zaidi ya hapo, televisheni nyingi hujitambulisha kwa kompyuta kuwa zina spika mbili, na Windows ikishasikia hivyo haikupi hata nafasi ya kuchagua 5.1. eARC, ARC mpya ya HDMI 2.1, imeondoa kizuizi cha kiasi cha sauti kinachopita, ila ni lazima televisheni na risiva zote mbili ziwe nayo.

Njia nyepesi kuliko zote ni kebo moja: kompyuta iingie kwenye risiva, risiva itoke kwenda kwenye televisheni. Kama risiva yako ina HDMI 2.0 au zaidi, fanya hivyo usitafute mambo mengine. Kwangu HDMI 1.4 ilileta shida, kwa sababu inapitisha picha ya 4K kwa 30 Hz (picha 30 kwa sekunde) tu, na kwa 30 Hz hata mshale wa kipanya unaonekana kuruka. Nikatumia kebo mbili. HDMI ya kadi inakwenda moja kwa moja kwenye televisheni kwa 4K ya 60 Hz. DisplayPort mojawapo nikaiwekea adapta ya kugeuza kuwa HDMI, ikaingia kwenye risiva. Adapta ya kawaida isiyotumia umeme inatosha mradi mlango wa kadi una alama ya DP++, na inabeba chaneli zote za sauti. Angalia tu usije ukanunua ile inayogeuza HDMI kuwa DisplayPort. Kwa umbo zinafanana, lakini kazi zake ni kinyume, na hapa haitafanya kitu. Kwa laptopu yenye USB-C, mlango wenyewe lazima uwe unatoa picha. Si kila USB-C inafanya hivyo.

Sasa tufike kwenye kiini, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. HDMI haitumi sauti peke yake. Sauti husafiri katika vipindi vidogo ambavyo picha haitumwi, kwa hiyo pasipo picha hakuna sauti. Kompyuta inaiona risiva kama skrini, na kabla ya kutuma chochote inasoma taarifa fupi ziitwazo EDID, zinazoieleza ukubwa wa picha unaokubalika, idadi ya chaneli za PCM na aina za sauti zilizobanwa. Windows inakupa machaguo yaliyomo humo tu. Ukifungua mipangilio ukakuta "Stereo" peke yake, usianze kufuta draiva. Jiulize EDID iliyosomwa ni ya nani.

Mara nyingi ni ya televisheni. Ndani ya menyu ya HDMI ya risiva kuna chaguo la sauti itoke wapi, kwenye risiva yenyewe au kwenye TV. Likiwa kwenye TV, risiva inapitisha EDID ya televisheni yenye spika mbili. Lirudishe kwenye AMP, yaani risiva yenyewe. Sababu ya pili ni risiva kuwa imezimwa huku ikiruhusu HDMI ipite. Kompyuta ikiwaka wakati huo inasoma televisheni, na hata ukiiwasha risiva baadaye, chaneli zinaweza kubaki mbili mpaka kebo ichomolewe na kurudishwa. Mimi ile huduma ya kupitisha HDMI risiva ikiwa imezimwa nimeifunga kabisa, kwani televisheni yangu ina kebo yake.

Kwa kuwa risiva inahesabiwa kama skrini, kwenye mipangilio ya skrini za Windows nimechagua "Extend". "Duplicate" hushusha skrini zote mbili kwenye kipimo kinachokubalika na ile dhaifu, na hapo 4K imekwenda. Kasoro ya "Extend" ni kwamba kipanya kinaweza kupotelea kwenye skrini usiyoiona. Dawa yake ni kuburuta kile kisanduku cha pili hadi kiguse cha kwanza kwa ncha ya kona tu, ili mshale usipate pa kupitia kwa urahisi. Skrini hiyo bandia niliipa 1920x1080. Usiishushe hadi 640x480 kwa kudhani unapunguza mzigo, maana picha ikiwa ndogo, nafasi ya kubebea sauti nayo inapungua.

Upande wa Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Kwenye orodha chagua kifaa chenye jina la risiva, kifanye kiwe cha kawaida kwa "Set Default", kisha bonyeza "Configure". Chagua 5.1. Wakati mwingine utaona 5.1 mbili, moja ikichora spika za ubavuni na nyingine za nyuma. Anza na ya ubavuni, na spika za kuzunguka zikinyamaza jaribu nyingine. Bonyeza kila spika kwenye mchoro na usikilize ni ipi inayolia chumbani. Katika hatua ya mwisho unaulizwa ni spika zipi zinazopokea masafa yote. Mimi naziwekea alama zote, hata zile ndogo, kwa sababu sitaki kompyuta iguse besi. Kazi ya kuigawa ni ya risiva. Kisha fungua "Properties", sehemu ya "Advanced", uweke biti 24 na 48,000 Hz, ambayo ndiyo sampuli ya filamu nyingi. Zima kila kinachoitwa "Spatial sound". Sauti ya Windows iache kwenye 100 na utumie rimoti ya risiva. Na kwenye kichupo cha "Communications" chagua kutofanya lolote, la sivyo kila simu ya mtandaoni ikiingia sauti nyingine zinashushwa.

Kwa Linux ni mafupi zaidi. Ndani ya programu ya sauti ya pavucontrol, kwenye ukurasa wa mwisho, chagua wasifu wa "Digital Surround 5.1 (HDMI)", kisha kwenye teminali andika speaker-test -c 6 -t wav, na sauti itataja jina la kila spika inapofika.

Kuhusu programu za kuchezea filamu, kuna ubishi wa siku nyingi: kompyuta ifumbue sauti na kutuma PCM, au iitume ilivyobanwa risiva ifumbue? Kwa 5.1 ya kawaida napendelea PCM, bila kusita. TrueHD na DTS-HD Master Audio hazipotezi chochote zikibanwa, kwa hiyo zikifumbuliwa na kompyuta au na risiva matokeo ni yaleyale, na PCM inakuwezesha kusikia filamu na sauti nyingine za kompyuta kwa pamoja. Ukituma zilizobanwa, programu hushika njia yote na kitufe cha sauti cha Windows hakifanyi kazi. Tofauti ni Dolby Atmos na DTS:X. Hizo zina taarifa za mahali pa kila sauti ambazo hupotea zikifumbuliwa kuwa PCM, kwa hiyo mwenye spika za darini azitume kama zilivyo. Kwenye Kodi weka idadi ya chaneli kuwa 5.1 na uzime "passthrough" (kutuma sauti ikiwa imebanwa). Kwenye VLC chaguo la namna hiyo liko kwenye ukurasa wa sauti.

Kabla ya kulaumu chochote, pima faili lenyewe kwa programu ya MediaInfo. Kama limeandikwa chaneli 2, hakuna kebo itakayoligeuza kuwa sita. Video nyingi za YouTube ziko hivyo. Kwa michezo, ufunge mchezo na kuufungua upya baada ya kubadili idadi ya spika, kwa sababu mingi huisoma inapoanza tu.

Mwenye risiva isiyo na HDMI hajakosa kila kitu. Kwa optiko, tafuta kadi ya sauti yenye Dolby Digital Live au DTS Connect. Hizo hubana chaneli sita papo hapo, hata za mchezo. Njia nyingine ni waya tatu za jeki ya 3.5 mm zinazotoka pini mbili za duara za RCA kila mmoja, zikiingia kwenye matundu sita ya nyuma ya risiva au ya sabufa ya 5.1. Kijani ni mbele, nyeusi ni nyuma, rangi ya chungwa ni spika ya kati na besi. Ubao wenye jeki tatu tu huigeuza ya buluu kuwa ya nyuma na ya waridi kuwa ya kati na besi. Maongezi yakitoka kwenye sabufa, badilisha RCA mbili za waya wa tatu. Matundu hayo kwenye risiva nyingi hayapitii ugawaji wa besi wala marekebisho ya umbali, na ukisikia mngurumo usiokoma, chomoa chaja ya laptopu kwanza uone kama unaisha. Ukiisha, tatizo ni njia ya ethi. Optiko haiingiwi na mngurumo huo, maana haipitishi umeme.

Neno kwa anayenunua risiva ya mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue: soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka. Ya Marekani imeandikwa 120V, ya Japani 100V. Kwenye soketi zetu za 230V au 240V zitaungua bila transfoma ya kushusha, na transfoma hiyo iwe na uwezo unaozidi wati zilizoandikwa hapohapo kwenye kibandiko.

Sauti ikishaingia kama 3/2/0.1, kazi iliyobaki ni ya chumba. Spika za mbele ziwe nyuzi 30 kila upande kutoka mstari wa kati, za kuzunguka nyuzi 100 hadi 120. Pima umbali wa kila spika hadi kitini na uuandike kwenye menyu. Zote ziweke "Small" na mpaka wa 80 Hz, ili besi ya chini ya hapo iende kwenye sabufa, na kitufe cha mpaka kilicho kwenye sabufa kipandishe hadi mwisho ili besi isikatwe mara mbili. Maongezi yakiwa hafifu, ongeza spika ya kati desibeli 2 au 3. Besi ikiwa nyembamba bila sababu, angalia nyekundu na nyeusi za kila spika, kwani moja ikigeuzwa besi zinafutana.

Umeme ukikatika na kurudi, washa televisheni, kisha risiva, subiri sekunde kama kumi, ndipo uwashe kompyuta. Kama kompyuta ilibaki hai kwa UPS na Windows sasa inaonyesha chaneli mbili, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja: skrini itazimika kidogo na draiva ya picha itaanza upya. Ikishindikana, peleka risiva kwenye mlango mwingine wa HDMI kwa rimoti, irudishe, halafu ufungue tena "Configure" uhakikishe 5.1 bado imechaguliwa.